Homa Tuliyoificha kwa Ajili ya Mechi

Kocha wetu wa voliboli alikufa mwezi uliopita kwa presha, na sisi wachezaji wake wa zamani tulikutana kwenye kilio chake, nyumbani kwake Murara, hapa Goma, tukiwa wanne kati ya wanane. Wawili wako Kampala, mmoja sijui aliko tangu vita viingie mjini, na wa nane ni Sakina, ambaye alikufa mwaka wa Ebola. Nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, chini ya hema la kukodi, nikitazama vyumba viwili vya mbao nyuma ya nyumba tulivyolala zamani, ndipo nikamwona mama yake Sakina anaingia uani na sufuria ya wali kichwani. Hakuna aliyemwita. Alikuja kwa sababu marehemu alimfundisha binti yake, na mtu wa mtaa wa Birere mwenye adabu haachi kilio cha namna hiyo. Wakati wa kugawa chakula nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimnong'oneza jirani yake: "Ule njo mama ya ule mutoto wa Ebola. Mumupatie sahani yake peke." Na kweli wakampa sahani yake peke yake, ya plastiki, ile ya kutupwa, wakati wengine walikula wawili wawili kwenye sinia. Sufuria yake ya wali ilibaki mezani na kitambaa chake juu, haikufunguliwa. Mama Sakina aliona yote. Alinawa, akala, na aliponiona akatabasamu, "Kavira, mutoto wangu. Uko muzima?"

Sina mvi hata moja, ila watu wa Goma tunahesabu umri kwa majanga tuliyoyavuka, na kwa hesabu hiyo mimi ni bibi. Moto wa volkano nimeukimbia, vita nimevikimbia, na bado nikiulizwa ni mwaka gani uliniharibu, nitataja ule ambao sikukimbia kitu chochote. Nilikaa tu. Kuna jambo ninalolijua kuhusu kifo cha Sakina ambalo mama yake halijui. Nilipewa mimi nimfikishie, na sikumfikishia. Miaka yote hii, kila tukikutana sokoni ananiita mtoto wake, ananiulizia watoto wangu, mara moja alinifunga kitenge mabegani kwa nguvu nikikataa, na kila mara nimerudi nyumbani nikijiambia: siku nyingine. Kwenye kilio kile, nikitazama ile sahani ya plastiki mapajani mwake, nilijua kwamba siku nyingine ndiyo hiyo.

Mwaka ule nilikuwa kapiteni wa timu ya wasichana ya chuo chetu, na Sakina alikuwa mpigaji wa pasi. Watu wanaotazama voliboli huwashangilia wanaopiga smashi, hawamwoni anayewainulia mpira, sisi tulimwona. Alicheza na suruali ndefu na kitambaa kichwani, na alikuwa na mdomo. Ukikosa pasi yake alikuambia, "Nikuletee na kiti, mama?" Ugonjwa ulikuwa bado mbali, Beni na Butembo, kwetu sisi Wanande. Kila wiki dada yangu alinipigia simu kutoka Butembo kuniambia nisishike mtu mkono, na kila wiki nilimjibu kwamba Goma ni mbali. Mjini tulikuwa tumezoea yale maji ya klorini kwenye kila mlango, ndoo yenye bomba, na yule kijana wa kipimo cha joto anayekuelekezea kile kidude kwenye paji la uso kama bastola. Tulisalimiana kwa viwiko na kucheka. Chuoni nusu ya wanafunzi walisema ugonjwa upo, nusu wakasema ni biashara ya wakubwa, na wote walinawa, kwa sababu bila kunawa huingii darasani.

Michezo ya vyuo ilikuwa haijafanyika muda mrefu, mara migomo, mara usalama, na mwaka ule ikapangwa. Nikisema ilikuwa muhimu, msomaji atafikiri natia chumvi. Tulikuwa wasichana wa miaka ishirini na kitu katika mji ambao kila jambo zuri huahirishwa. Kocha Muhindo alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, mtu mrefu mwenye sauti ya padri, na hakuwahi kushinda kombe hata moja maishani. Alituambia uwanjani, tumesimama kwenye lile vumbi jeusi la mawe ya volkano: "Batoto yangu, mimi niko nazeeka. Mwaka huu ao hapana tena." Tulimpenda, ndiyo shida. Asiyependwa hamponzi mtu.

Siku tatu kabla ya mechi ya kwanza alituita nyumbani kwake kwa ile tunayoiita mise au vert, yaani timu nzima kufungiwa mahali pamoja: hakuna kwenda kwenu, hakuna simu za wapenzi, hakuna kula nje. Kila timu ya Goma inayojiheshimu hufanya hivyo hata kama ni timu ya mtaa. Tulilala wanne kwa chumba, magodoro chini, mabegi yetu yamepangwa ukutani, na asubuhi mke wa kocha, Mama Muhindo, alitupikia uji, jioni fufu na sombe, yaani kisamvu, na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, za kukaanga. Mwaka ule tu alikataza tusile sinia moja. Alinunua sahani nane za bati na kuandika namba chini kwa rangi ya kucha, na Sakina akachukua namba nane kabla hatujagombana, akisema ya mwisho haina wivu. Ninakukumbuka kule jikoni kuliko darasa lolote nililokaa: jiko la makaa limewekwa mlangoni kwa ajili ya moshi, mke wa kocha amekaa kwenye kigoda akichambua sambaza, na sisi tumezunguka, tunasikia kila neno la kocha kwenye simu sebuleni kwa sababu ukuta wa mbao hauna siri. "Hapana, Bwana Katibu. Kwangu bote bazima. Nasema bote. Muje mupime mwenyewe." Ndivyo tulivyojua kwamba kamati ya michezo ilikuwa inapiga simu kwa kila timu kuuliza kama kuna mgonjwa, na kwamba timu yenye mtu mwenye homa itaondolewa yote.

Jioni ya siku ya pili Sakina hakumaliza samaki wake. Kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya mechi, nilimkuta amejikunja ndani ya mablanketi mawili, meno yanagongana, na jua limeshawaka nje. Nilimgusa shavu, nikautoa mkono haraka. Sikumwita mke wa kocha. Nilimwita kocha. Alisimama mlangoni muda mrefu, hakuingia, akauliza, "Inakukamata wapi?" Sakina akasema kichwa, na viungo, na kwamba ni malaria yake tu ya kila mwaka, inakuja na kuondoka. Kocha akaniita pembeni, karibu na tangi la maji, akasema kwa sauti ndogo, "Kavira, weye njo kapiteni. Mutu akisikia iko na homa, banatutoa. Na si kututoa tu, batamubeba kule." Kule maana yake ni kituo cha wagonjwa wa Ebola, yale mahema meupe. Siku hizo mjini watu walisema ukiingia kule unatoka ndani ya mfuko. "Mupatie paracetamol. Tutaona kesho." Nilimpa. Nasema wazi, mkono ulikuwa wangu. Homa ikashuka, akanywa uji, akacheka, na sisi sote tukafurahi kama watu waliopata dawa kumbe tumepata kificho.

Siku ya mechi tulimpa vidonge viwili nusu saa kabla ya kutoka, na njiani, nyuma ya pikapu ya rafiki wa kocha, nilimkanda uso kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Hiyo akili niliisikia kwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka kwenda Gisenyi. Wao walivuka hivyo kila wakijisikia joto, na sisi tuliwaona wajanja. Kijana wa kipimo alimwelekezea kile kidude, akasoma, akasema "Sawa, pita." Tukaingia uwanjani kama tumeshinda tayari. Na tulishinda. Seti tatu kwa moja. Sakina alicheza seti mbili, akainua mipira kama kawaida, kisha akaniambia macho yake yanaona mipira miwili, nami nikamwomba kocha ambadilishe. Alimaliza mechi amekaa benchi, taulo kichwani, akipiga makofi taratibu. Baada ya filimbi tulisahau viwiko vyote, tukakumbatiana sisi kwa sisi na hata timu ya chuo jirani tuliyoifunga. Hakuna aliyekuwa na furaha kama kocha. Alilia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda chuoni kutazama ratiba ya nusu fainali kwenye valve, ubao wa matangazo pale mlangoni. Watu walikuwa wamejaa, hakuna kelele. Karatasi ilikuwa fupi, ina mhuri: kutokana na mgonjwa wa Ebola kuthibitishwa mjini, michezo yote ya vyuo imefutwa. Si kuahirishwa, kufutwa. Mvulana mmoja aliisoma kwa sauti mara mbili, mwingine akasema, "Basi. Tumezoea." Mimi nilibaki nimesimama pale na wazo moja kichwani, wazo la kitoto: sasa tunaweza kumpeleka Sakina hospitali, hakuna tena cha kupoteza. Nilirudi Murara karibu nakimbia. Nakumbuka jambo hili kwa sababu linanionyesha kwamba nilikuwa na akili bado. Kwa saa nzima nilikuwa najua la kufanya.

Kocha alikuwa amekaa sebuleni, redio imezimwa. Nikamwambia twende. Akatikisa kichwa. "Ungeenda jana, ni mugonjwa. Ukienda leo, ni kesi. Batauliza: homa ilianza lini? Alipita namna gani ku barriere ya kipimo? Alishika banani?" Akahesabu kwa vidole: sisi saba, mke wake, dereva wa pikapu, timu nzima ya chuo jirani, refa. Kila mmoja angeandikwa kwenye liste, yaani orodha ya waliogusana na mgonjwa, na kufuatwa wiki tatu mlangoni kwake, na majirani wote wakiona. Mitihani ilikuwa karibu. Yeye angefukuzwa kazi. "Siku moja tu," akasema. "Ikiwa malaria, itashuka." Nikaingia chumbani kumwuliza Sakina mwenyewe, na hapo ndipo nilipopoteza ile akili. Alinishika mkono, kiganja chake kikavu na cha moto, akasema, "Kavira, nakuomba, usinipeleke kule. Na usimuambie mama. Mama akisikia atakuja kunilalia hapa, kisha atakuwa contact, hatavuka tena frontiere, atakula nini?" Mama yake alikuwa anauza vitenge Birere na alivuka mpaka kila siku. Nilimwahidi. Ahadi hiyo niliitumia miaka mingi kama mto wa kulalia. Leo nasema hivi: mtoto mwenye homa akikuomba umwache afe, humsikilizi, na mimi nilimsikiliza kwa sababu alichoniomba ndicho nilichokuwa nakitaka.

Lakini nilitoka kununua dawa ya malaria. Hilo nilifanya, na bora nisingelifanya, kwa sababu lisingenibaki kichwani kila duka la dawa ninalolipita. Dawa ilikuwapo tele, ya watu wazima, katika kiboksi kila mtu wa Goma anakijua. Nilisimama kwenye foleni ya watu watatu. Mbele, kando ya kaunta, alikuwa amesimama kijana mwenye kizibao cha wahudumu wa ugonjwa, ana daftari, na mwenye duka alikuwa anamwambia: "Mutu akikuja kuuza dawa ya homa, namuuliza nyumba, naandika." Huku kwetu kuuza na kununua ni neno moja, nikaelewa vizuri. Zamu yangu ilipofika, mwenye duka akanitazama. "Mama?" Nikasema, "Biskuti. Na maji ya pakiti." Duka la pili lilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Sikwenda. Nilirudi na biskuti. Sakina alikula moja, akaitapika.

Methali ya mficha maradhi niliijua tangu shule ya msingi, kilio humuumbua, nilipata hata alama nzuri kwa insha yake. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mficha maradhi si mgonjwa peke yake. Siku iliyofuata alikuwa anasinzia na kuongea maneno yasiyo na mpangilio, akituomba tumpe mpira, akimwita shangazi yake, na mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai. Wenzetu wengine walishaondoka, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake. Mke wa kocha, tuliyemwambia ni tumbo la wanawake, aliingia na chai, akamtazama, akatoka bila kuweka kikombe. Nikamsikia jikoni akimwambia mumewe, "Muhindo, ule mutoto anakufa mu nyumba yangu." Asubuhi ya siku ya tano Sakina alishikwa na degedege. Nilimpandisha kwenye pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na dereva alikuwa anaongea njia nzima kuhusu bei ya mafuta, sikumwambia kitu. Kwenye kituo cha afya muuguzi alitusimamisha nje ya hema, amevaa glovu mbili mbili. "Homa ilianza lini?" Nikasema, "Leo." Hata pale. Mgonjwa wa siku moja mwenye degedege, mwaka ule, alihesabiwa mshukiwa wa Ebola, akawekwa peke yake nyuma ya plastiki mpaka waliovaa zile suti za kujikinga waje. Walipokuja alikuwa ameshakata roho. Wakanipa fomu nijaze, jina lake na umri, na mahali pa namba ya simu nikaandika yangu.

Nilimtumia mama yake habari, akafika saa saba mchana na kaka yake mkubwa, mjomba Ramazani. Walimwambia kwa mbali, kutoka ng'ambo ya kamba. Mama Sakina hakupiga kelele. Alivua viatu, sijui kwa nini, akaomba amwoshe mtoto wake. "Uso tu na mikono. Munipatie hata hizo gants za mikono." Kiongozi wa wale wa mazishi, kijana mpole aliyetoa kofia yake ya suti ili aonekane uso, akamweleza: wamechukua kipimo mdomoni mwa marehemu na damu kidogo, jibu litatoka baada ya siku mbili. Kama familia inataka kungoja, mwili utawekwa, na jibu likisema si Ebola watapewa wamwoshe na kumzika wenyewe. Kama hawataki kungoja, atazikwa leo ndani ya mfuko, bila kuguswa, na shehe atasali kwa mbali. Mama Sakina akasema, "Ningoje." Mjomba akasema Mwislamu hawekwi siku mbili, na kama ni ugonjwa ule, kungoja ni kuaibisha nyumba kwa bure. Kisha akanigeukia mimi mbele ya wote. "Weye ulilala naye chumba moja. Tuambie. Ilikuwa ile ugonjwa, ao ilikuwa homa yake ya siku zote?" Wote wakanitazama. Nilikuwa na siku tano kinywani. Kama ningezitoa, kutetemeka kila asubuhi na mkojo mweusi na maneno yake mwenyewe kwamba ni malaria ya kila mwaka, hata mjomba angengoja. Nikasema, "Sijue, papa." Wakamzika saa kumi.

Simu ililia siku ya tatu, nikiwa chumbani kwangu. Mwanamke mmoja, sauti ya kuchoka, aliuliza kama mimi ni ndugu wa marehemu Sakina. Nikasema ndiyo. Akasema hakuwa na Ebola. Damu ilikuwa na malaria, nyingi sana. "Pole, mama. Mutajulisha familia?" Nikasema nitawajulisha. Sikuwahi kukaa chini vile, sakafuni, na simu mkononi. Kama ingekuwa Ebola, ningesema hakuna ambaye angeweza kufanya lolote. Lakini malaria! Ile ya kiboksi, hatua hamsini. Wiki ile nilikwenda Birere kweli, nikakuta kibanda cha Mama Sakina kimefungwa. Jirani yake akaniambia mjomba aliwahamisha wote kwenda Kindu kwa hofu ya kuandikwa kwenye liste. Nilichosikia rohoni ni nafuu. Sitaki kukipamba. Nilirudi nyumbani natembea mwepesi, nikafanya mitihani nikapita, na sikushika mpira tena. Mama Sakina aliporudi Birere baadaye, nilikuwa nimeshazoea kunyamaza. Kocha sikumwambia. Aliishi na kufa akiamini ilikuwa Ebola, alistaafu bila kombe, na kwenye kilio chake nilishikwa na tamaa mbaya ya mwisho: kumtupia maiti mzigo wote, kwa sababu hawezi kujibu.

Sikumtupia. Watu walipoanza kuondoka nilikwenda kukaa karibu na Mama Sakina kwenye benchi lake, ambalo lilikuwa na nafasi ya kutosha, na nikamwambia kila kitu kama nilivyokiandika hapa: paracetamol, kitambaa cha maji, biskuti, "leo" niliyomwambia muuguzi, "sijue" niliyomwambia mjomba, na simu. Nilisema haraka, nikitazama magoti yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa laana, kwa kofi, kwa kupigiwa kelele mbele ya hema zima, na nilikuwa na jibu kwa kila mojawapo. Aliuliza tu, "Malaria?"

"Malaria, mama."

"Ile yake ya kila mwaka?"

"Njo ile."

Akaiweka ile sahani ya plastiki chini, polepole, kama ina mchuzi bado. "Mi nilichoma manguo yake yote," akasema. "Matelas yake ya kulalia, viatu, mpaka ile kitabu yake ya kusomea. Ramazani alisema nichome. Kule Kindu nilikataza batoto basiseme jina yake ju ya kuogopa batu." Akaendelea, si kwa hasira, kama mtu anayepanga jambo ambalo bado anaweza kulifanya. "Kumbe ningemuosha mimi mwenyewe. Ningengoja zile siku mbili, bangenipatia, ningemuosha." Alikuwa anatazama mbele, kwenye vile vyumba vya mbao. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniita mtoto wake. Aliniita kwa jina tu.

"Kavira. Mwanamuke wa kwetu Waislamu akikufa, tunafungua nywele zake, tunazinawisha, tunazisuka tena mikia tatu. Weye ulikuwa pale. Sakina wangu, nani alimufungua nywele?"

Nikamwambia kweli. Hakuna mtu, mama.